Archibald McIndoe na Kikonyo cha Ngozi

Mkulima wa viazi vitamu wa Kombewa, kule Seme, magharibi ya mji wa Kisumu, huyajua marando kwa njia mbili. Mvua inaponyesha na udongo ukalowa, huyakata vipande na kuyafukia ardhini bila mzizi wowote. Mengi hushika, kwa kuwa unyevu wa udongo huyalisha hadi yajiotee mizizi. Lakini lipo pia rando ambalo halijakatwa, linalotambaa juu ya tuta likiwa bado linanyonya kutoka kwa shina lililolizaa. Hilo huweza kupita hata penye changarawe kavu, kwa sababu chakula chake hakitoki pale lilipolala bali kinatoka nyuma. Baadaye pingili zake hugusa udongo mzuri zikatoa mizizi, na hapo ndipo linapoweza kutengwa na mama yake lisife. Anayelitenga mapema wakati wa kiangazi huambulia majani makavu.

Ngozi ya binadamu ina tabia hizo hizo mbili. Kipande chembamba cha ngozi kinaweza kuchunwa pajani na kubandikwa juu ya kidonda chenye damu ya kutosha, nacho kikaishi siku za mwanzo kwa kufyonza majimaji ya kidonda hadi mishipa midogo iingie ndani yake. Juu ya mfupa ulio wazi kipande kama hicho hufa. Mahali pa namna hiyo, au panapotakiwa kitu kinene kama pua, mpasuaji hulazimika kuihamisha ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake ikiwa bado imeshikamana na mwili kwa upande mmoja, ili damu iendelee kuifikia. Sehemu hiyo iliyoachwa ikishikilia itaitwa kikonyo katika makala haya, maadamu kazi yake ni ile ya kijiti kinachoshikilia tunda tawini. Kikonyo kikibanwa, kikipindwa au kukatwa kabla ya wakati, ngozi iliyo mbele yake hugeuka rangi ya samawati, kisha ikawa nyeusi. Maisha ya Sir Archibald Hector McIndoe, aliyewaunda upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye jina lake limo katika chimbuko la huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, yalikuwa kwa kiasi kikubwa maisha ya kukilinda kikonyo hicho.

McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Babake, John, alikuwa mpiga chapa. Mamake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji aliyejulikana nchini humo. Huenda si kosa kuamini kwamba jicho la kupima uwiano wa uso alilirithi kwa mama. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, mjini kwao, na mnamo mwaka wa 1924 akapata ufadhili wa kwenda katika Kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota, Marekani. Ufadhili huo ulikuwa wa daktari asiye na mke. McIndoe alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Adonia Aitken, na suluhisho walilolipata vijana hao wawili lilikuwa kuificha ndoa: bwana akasafiri peke yake, bibi akamfuata mwaka mmoja baadaye.

Ikumbukwe kwamba huko Mayo hakujifunza habari za ngozi. Alijihusisha na ini. Aliichunguza njia ambayo damu hupitia ndani ya ini lenye afya na ndani ya ini lililosinyaa kwa maradhi, na mnamo mwaka wa 1928 akachapisha utafiti kuhusu jinsi mishipa ya ini linalougua inavyoharibika. Waandishi wengi wa maisha yake huipita sehemu hii haraka ili wafike vitani. Ni kosa. Mtu aliyetumia ujana wake kuifuata damu hadi mahali inapokwama alikuwa anajiandaa, bila kujua, kwa kazi ambayo ingemtaka aisome damu kwa macho, kupitia rangi ya ngozi, bila kuifungua.

Mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, Lord Moynihan, alimwona akifanya kazi Marekani na kumshawishi aende London. McIndoe alifika huko na familia yake majira ya baridi ya mwaka wa 1930 na kukuta kwamba hakuna kazi iliyokuwa ikimsubiri. Aliyemwokoa alikuwa jamaa yake kutoka Dunedin, Sir Harold Gillies, aliyemwingiza katika shughuli zake na kumfungulia mlango wa hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka wa 1932 alipata wadhifa wa kudumu katika Hospitali ya Magonjwa ya Kitropiki, London, lakini kwa Gillies ndiko alikojifunza kitu kilichokuja kuwa maisha yake.

Haiwezekani kumweleza McIndoe bila kumweleza Gillies. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Gillies alikuwa akiwatibu askari waliopasuliwa nyuso na makombora. Mwezi wa Oktoba 1917, katika hospitali ya Sidcup, alikuwa akimfanyia upasuaji baharia aitwaye Willie Vicarage, aliyeungua katika mapigano ya majini ya Jutland ya mwaka wa 1916. Aliinua ngozi ya kifua ili aipandishe usoni, naye akagundua kwamba kingo za ngozi hiyo zilikuwa zikijikunja kwa ndani zenyewe. Akazishona pamoja. Kilichopatikana ni mrija wa ngozi, mfano wa mshikio wa sanduku, wenye damu ikipita katikati na usio na upande wowote ulio wazi kwa vijidudu au ukavu. Mwenzake wa Odessa, Vladimir Filatov, alikuwa amekwisha kufikia wazo hilo hilo mwaka mmoja kabla, ila vita viliwazuia madaktari wa Ulaya kusomana. Kwa vyovyote vile, mrija huo ndio uliotawala upasuaji wa kuunda upya viungo kwa zaidi ya miaka arubaini.

Utaratibu wake ulikuwa wa polepole mno. Mrija uliundwa tumboni, ncha zake zote mbili zikiwa zimeshikamana na mwili. Majuma kama matatu yalipita ili mishipa iliyo ndani ijipange kufuata urefu wa mrija. Kisha ncha moja ilikatwa na kushonewa kifundo cha mkono. Majuma mengine matatu. Sasa damu ilikuwa ikiingia kutoka mkononi, na ncha ya tumboni ikaweza kukatwa. Mgonjwa aliuinua mkono wake hadi usoni, mrija ukashonewa pale pua ilipokuwa, na mkono ukafungwa kichwani kwa bendeji usisogee. Majuma mengine matatu. Hapo tu ndipo mkono ulipoachiliwa na kazi ya kuichonga pua ikaanza. Kabla ya kila mkato mpasuaji aliibana ncha iliyotarajiwa kukatwa na kutazama. Ngozi ikibaki na uhai wake wa rangi, basi ncha ya pili ilikuwa ikitosha kuilisha. Ikiparara, damu haikuwa ikifika. Ikivimba na kuwa ya samawati, damu ilikuwa ikiingia bila kupata njia ya kutoka. Katika hali zote mbili dawa ilikuwa moja: kungoja.

Kungoja huko kulikuwa na gharama. Mrija ukifa, haipotei ngozi iliyokusudiwa usoni peke yake. Inapotea pia miezi iliyokwisha kutumika, na tumbo la mgonjwa limebaki na kovu ambapo ngozi nyingine haiwezi kuchukuliwa. Kwa hiyo kanuni zilizoshikwa wakati huo zilikuwa za woga. Katika sehemu nyingi za mwili mpasuaji alionywa asichukue ngozi ambayo urefu wake unauzidi sana upana wa kikonyo. Ilidhaniwa kwamba kikonyo kikiwa kipana, damu ni nyingi, na ngozi inaweza kuwa ndefu. Kanuni hiyo ilipokelewa na kurithishwa, na hakuna aliyejisumbua sana kuiuliza maswali.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939 Uingereza nzima ilikuwa na mabingwa wanne tu walioifanya kazi hii kama shughuli yao kamili, na watatu kati yao walikuwa watu wa New Zealand. McIndoe, ambaye tangu mwaka wa 1938 alikuwa mshauri wa Jeshi la Anga, alipelekwa katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London, kwenye hospitali ya Queen Victoria. Alikataa kuvaa sare na kupewa cheo cha kijeshi. Raia, aliamini, anaweza kugombana na jenerali, afisa hawezi.

Waliomfikia walikuwa na majeraha ambayo madaktari hawakuwa wameyaona kwa wingi hivyo. Ndege za kivita zilibeba petroli karibu na kiti cha rubani, na tangi lilipotobolewa moto uliingia alipoketi. Aliyekuwa amevua glavu au miwani ili aone vizuri zaidi aliungua viganja, kope, pua, midomo na masikio kwa muda wa sekunde chache. Tiba rasmi ya kuungua wakati huo ilikuwa asidi ya taniki, dawa ile ile ya kulainisha ngozi za wanyama viwandani, iliyoligeuza jeraha kuwa gamba gumu. Pajani gamba hilo lilivumilika. Vidoleni liliminya mishipa hadi damu ikakatika na vidole vikapotea; kopeni liliacha macho yasiyoweza kufumba. McIndoe aliona pia kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Akayaondoa magamba, akawaogesha wagonjwa wake katika maji vuguvugu ya chumvi, akaipigania hoja hiyo hadi asidi ya taniki ikaachwa kwa majeraha ya namna hiyo. Ni mtu yule yule wa Mayo: swali lake la kwanza halikuwa jeraha linafunikwa na nini, bali damu inapita wapi.

Jambo la pili aliloliona lilikuwa gumu zaidi kuliandikia ripoti. Mgonjwa wa mrija wa ngozi hakuwa mgonjwa wa juma moja. Wengine walirudi mezani mara 20, wengine mara 30, katika muda wa miaka. Baina ya safari hizo walitembea na kitu mfano wa mkonga wa tembo kikining'inia kutoka usoni hadi begani. Kanuni ya jeshi ilitaka askari aliyekaa nje ya kazi kwa siku 90 aachishwe na kutolewa jeshini. Siku 90 ni karibu majuma 13, muda ambao kazi ya kuichonga pua huenda ndiyo kwanza imeanza. McIndoe aliipinga kanuni hiyo kwa sauti kubwa hadi wagonjwa wake wakaruhusiwa kubaki jeshini wakati matibabu yakiendelea. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, na katika Wodi ya 3 ya East Grinstead, iliyokuwa kibanda cha mbao nje ya jengo kuu, msemo huo ulikuwa hali halisi ya kila siku.

Katika kibanda hicho alivunja desturi karibu zote za hospitali. Maafisa na askari wa kawaida walilala kitanda kwa kitanda. Sare za buluu za wagonjwa zilitupwa na watu wakavaa nguo zao. Kulikuwa na pipa la bia. Mgonjwa aliyetaka kujua atafanyiwa nini aliruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji na kutazama mwenzake akifanyiwa. Aidha, McIndoe aliwaendea wenyeji wa mji, akazieleza familia zenye uwezo na wenye mikahawa kwamba watu hawa watapita barabarani na nyuso zisizokamilika, na akawaomba wasigeuze macho na pia wasikodoe. Wenyeji waliitikia. Wagonjwa walialikwa chakula, dansi, sinema. Baadhi waliwaoa mabinti wa pale. East Grinstead ulikuja kujulikana kama mji ambao watu wake hawakukodoa macho.

Mnamo Julai 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao na kukiita Guinea Pig Club, kwa jina la simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye wanasayansi humfanyia majaribio. Kilianza na wanachama 39. Rais alikuwa McIndoe. Mweka hazina alichaguliwa mtu aliyeungua miguu ili asiweze kutoroka na pesa, na katibu akawa mtu aliyeungua vidole ili asiandike kumbukumbu ndefu. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 wanachama walikuwa wamefika 649. Mmoja wao, Richard Hillary, alikiandika kisa chake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1942, akarudi kuruka angani akiwa na mikono isiyokunjuka vizuri, na akafa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari 1943.

Itakuwa si haki kumchora McIndoe kama malaika. Alikuwa mkali, mpenda kusifiwa, na baada ya vita alitajirika kwa kuwarekebisha pua watu ambao pua zao hazikuwa na kasoro kubwa. Wauguzi wa Wodi ya 3 walitarajiwa kuwa wachangamfu na kuvumilia utani wa wanaume waliolewa, na mchango wao ulichelewa kuandikwa. Mrija wa ngozi wenyewe ulikuwa wa Gillies, ingawa mfuasi ndiye aliyevuna umaarufu mkubwa zaidi kuliko mwalimu. Tena, msomaji wa Nyanza hawezi kusahau kwamba katika miaka hiyo hiyo maelfu ya vijana wa eneo la Ziwa walikuwa katika King's African Rifles, wakipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Makovu yao hayakupata waandishi wengi.

Hata hivyo, ni huku Afrika Mashariki ambako sehemu ya mwisho ya maisha yake ilielekea. Alipewa hadhi ya Sir mwaka wa 1947, na baada ya vita alipata shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika Tanganyika ya wakoloni. Aliipenda nchi hiyo kama walowezi walivyoipenda, yaani pamoja na ardhi yake. Jirani yake huko alikuwa Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya vita na ambaye alikuwa amejifunza upasuaji wa viungo kwa McIndoe mwenyewe huko East Grinstead. Wa tatu alikuwa Tom Rees, Mmarekani kijana aliyepitia mikononi mwa bwana huyo huyo. Mnamo mwaka wa 1956, wakati Kenya ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari, watatu hao walikaa chini ya mlima huo na kupanga namna ya kuwafikishia wapasuaji watu wanaoishi mbali na hospitali. Mwaka uliofuata, 1957, shirika lililokuja kujulikana kama AMREF lilizaliwa Nairobi, na ndege ndogo zikaanza kutumika mahali ambapo barabara hazikuwepo.

Wazo hilo lilitokana moja kwa moja na kazi ya kikonyo. Mtoto aliyeangukia mekoni akaungua kiwiko anaweza kupona bila daktari, kwa maana kwamba hatakufa. Lakini kovu litauvuta mkono hadi ushikamane na kifua. Mtu aliyerarua uso kwa kuumwa na fisi hawezi kusafirishwa kilomita 500 mara sita kwa ajili ya hatua sita za mrija mmoja. Kama mgonjwa hawezi kurudi kila baada ya majuma matatu, basi daktari na arudi.

McIndoe hakuishi kuona mengi ya hayo. Alifariki usingizini, London, tarehe 11 Aprili 1960, akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, ambalo ni kanisa la Jeshi la Anga, heshima isiyo ya kawaida kwa mtu aliyekataa kuvaa sare ya jeshi hilo. Gillies alimfuata mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Wood aliendelea kuliongoza shirika la Nairobi kwa miaka mingi na kufariki mwaka wa 1987.

Baada ya vifo vya mabwana hao wawili ile kanuni ya urefu na upana nayo ilianguka. Mwaka wa 1970 Stuart Milton, mtafiti wa Oxford, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. Aliinua vipande vya ngozi vya upana mbalimbali na kupima ni urefu gani unaobaki hai. Alipopanua kikonyo bila kuongeza mshipa wowote mkubwa, urefu uliosalimika haukuongezeka. Kilichoamua uhai wa ngozi kilikuwa ateri na vena zilizomo ndani ya kikonyo, si upana wake. Kikonyo chembamba chenye mshipa mzuri kilishinda kikonyo kipana kisicho nao. Mwaka wa 1972 Ian McGregor na Ian Jackson wa Glasgow walionyesha kwamba ngozi ya kinenani, ikichukuliwa kwa kufuata ateri yake maalumu, inaweza kuwa ndefu sana na kuhamishwa mara moja bila miezi ya maandalizi. Mwaka wa 1973 madaktari wa Melbourne waliikata ngozi hiyo kabisa na kuiunganisha mguuni kwa kushona mishipa yake chini ya hadubini. Mwaka wa 1987 Ian Taylor na John Palmer, mjini humo humo, waliugawa mwili mzima katika maeneo, kila eneo na mshipa unaolilisha. Mrija wa Gillies ukatoweka wodini.

Linalosikitisha kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba ramani ya mishipa hiyo ilikuwepo. Carl Manchot aliichora huko Strasbourg na kuichapisha kwa Kijerumani mwaka wa 1889, kabla McIndoe hajazaliwa. Michel Salmon wa Marseille aliichora upya kwa undani zaidi, kwa Kifaransa, mwaka wa 1936, miaka mitatu kabla ya vita. Tafsiri ya Kiingereza ya Manchot ilitoka mwaka wa 1983, na ya Salmon mwaka wa 1988. Wapasuaji wa Kiingereza walikuwa wakipima ngozi kwa rula ilhali maelezo waliyoyahitaji yalikuwa rafuni, katika lugha wasizozisoma. Ni miezi mingapi ya mikono kufungwa kichwani ingeokolewa na mfasiri mmoja, hakuna awezaye kuihesabu.

Tatizo hilo la lugha halijaisha, limehama tu. Ngozi ya kinenani ya McGregor na Jackson bado hutumika mahali pasipo na hadubini wala wataalamu wa kushona mishipa midogo: mkono uliopoteza ngozi hushonewa kinenani na kubaki hapo kwa majuma kama matatu. Mtoto wa Kombewa aliyeungua kwa koroboi, akifikishwa Kisumu na kufanyiwa hivyo, ana mama anayesimama kando ya kitanda akijiuliza kwa nini mkono wa mwanawe umefungwa mahali pa ajabu namna hiyo, na kwa nini usifunguliwe sasa ilhali kidonda kinaonekana kimefunga. Muuguzi anapaswa kumjibu kwa Dholuo au kwa Kiswahili, na jibu linahitaji maneno: ateri, vena, kikonyo, kuparara, kuvilia. Akielewa, atamzuia mtoto asiuvute mkono usiku. Asipoelewa, huenda akamchukua aende naye nyumbani katika juma la pili.

Guinea Pig Club kilifanya mkutano wake wa mwisho East Grinstead mwaka wa 2007, wanachama wakiwa wamepungua na kuzeeka. Mwaka wa 2014 mji huo ulisimamisha sanamu ya McIndoe. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mwana wa askari aliyeungua katika kifaru na kutibiwa na McIndoe. Mpasuaji amesimama nyuma, mikono yake ikiwa juu ya mabega ya rubani aliyeketi. Uso wa rubani una makovu na umegeuzwa juu kidogo. Vidole vyake vimejikunja kama kucha za ndege. Kuizunguka sanamu kuna benchi la jiwe, na wapitao njia huketi hapo, karibu na mikono hiyo.